Kupunguza chakula bila kushinda na njaa: Kipimo kianzie jikoni



Ndugu msomaji, wengi wetu tumeshawahi kunuia kupunguza mwili. Aghalabu nia hiyo huja baada ya kutoka hospitali, pale daktari anapopima presha na sukari kisha akasema, "Mama, punguza uzito," au "Mzee, hicho kitambi kinakupeleka pabaya." Mtu hurudi nyumbani ameazimia. Siku ya kwanza anashinda na chai kavu, ya pili anakula tunda moja mchana, na ya tatu kichwa kinamuuma na hasira zimempanda. Siku ya nne pilau linapakuliwa, anakula chakula cha siku zote nne kwa pamoja, na habari ya kupunguza mwili inaishia hapo.

Watu humwambia kwamba hana nia. Lakini ukiangalia kwa makini, mara nyingi nia anayo. Tatizo ni kwamba kiasi cha chakula anachokula hakiamui yeye. Kinaamuliwa na ukubwa wa sufuria, na upawa wa kupakulia, na sinia lililo mbele yake, na mwenyeji anayesema "ongeza, ongeza". Anapokaa mkekani ameshashindwa, kwa sababu chakula kimeshapikwa kingi na harufu imeshajaa nyumba.

Hivyo basi, katika makala hii tutaeleza njia nyepesi za kupunguza kiasi cha chakula katika nyumba zetu, zisizohitaji kununua vyakula vya ajabu wala kushinda na njaa. Jambo la kushika ni moja: kiasi kiamuliwe kabla hujakaa kula, si wakati tonge limeshafika mdomoni.

Kwa nini jambo hili ni zito

Zamani unene ulihesabiwa kuwa ni dalili ya neema. Leo hospitali zetu zinapokea watu wenye vidonda vya miguu visivyopona, waliopooza upande mmoja, na wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimekufa. Wengi wao walianza na kisukari au shinikizo la damu, na uzito uliozidi ni miongoni mwa mambo makubwa yanayoleta maradhi hayo. Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, mwaka 2024 watu wazima wapatao milioni 589 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa wa kisukari.

Hapa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004/05 ulionesha kuwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito walikuwa asilimia 18. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2015/16 ulikuta wamefika asilimia 28. Yaani katika muda wa miaka kumi na kitu, kutoka chini ya mmoja katika kila watano hadi zaidi ya mmoja katika kila wanne.

Lakini ipo habari njema. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani, uliohusisha watu zaidi ya 3,000 wenye uzito mkubwa ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, lakini haijawa kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao kwa kula kwa kipimo na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kundi hilo lilipungukiwa na hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58 likilinganishwa na wale ambao hawakupewa msaada huo.

Tuifanye hesabu hiyo iwe ya nyumbani. Chukulia mama mwenye kilo 80 na urefu wa sentimita 160. Asilimia 7 ya uzito wake ni kilo 5 na nusu hivi. Hakuambiwa arudi alivyokuwa siku ya harusi yake. Ameambiwa kilo 5 na nusu tu, nazo akizipunguza nusu kilo kwa wiki zitakwisha katika muda wa miezi mitatu hivi.

Kama huna mizani, tumia kamba. Pima urefu wako kwa uzi kuanzia kisigino hadi utosini, kisha ukunje uzi huo katikati. Nusu hiyo izungushe kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu. Ikiwa ncha hazikutani, basi kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili kwamba mafuta ya tumboni yameshakuwa mengi. Nenda ukapime presha na sukari hata kama hujisikii kuumwa.

Dini yetu imetangulia

Muislamu hahitaji kuambiwa na wataalamu wa leo kwamba kula kwa kiasi ni jambo jema. Katika Suratul A'araf Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Na katika hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwanadamu yamtosha matonge machache ya kuusimamisha mgongo wake, na kama hana budi kuzidisha, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi.

Kadhalika ibada zetu zimetuzoesha vipimo. Zakatul fitri inapimwa kwa pishi. Fidia ya siku moja ya funga, kwa madhehebu ya Shafii, ni kibaba kimoja cha chakula. Wazee wetu walikuwa na kibaba jikoni, na mama alijua nyumba yake inakula vibaba vingapi. Siku hizi wengi wetu tunamimina mchele kwa kukadiria kwa jicho, na jicho la mwenye njaa halijawahi kukadiria kidogo.

Tumbo halijui haraka

Kabla ya kueleza njia zenyewe, ni vizuri kufahamu mwili unavyojua kuwa umeshiba. Chakula kinapoingia, tumbo hutanuka na utumbo hutoa vichocheo vinavyopeleka habari kwenye ubongo. Habari hizo hazifiki papo hapo. Inakadiriwa kuwa huchukua kama dakika 20 tangu kuanza kula hadi mtu kuhisi shibe sawasawa. Anayemaliza sahani yake kwa dakika saba anakuwa amekula zaidi ya haja yake kabla tumbo halijapata nafasi ya kusema.

Jambo la pili ni kwamba mwanadamu hula kinachowekwa mbele yake. Mwaka 2015 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walikusanya tafiti 72 zilizochunguza jambo hili. Walikuta kwamba watu wakiwekewa chakula kingi zaidi, au chombo kikubwa zaidi, hula zaidi. Kwa hiyo anayetegemea kujizuia wakati wa kula amechagua njia ngumu. Njia nyepesi ni kuweka kidogo tangu mwanzo.

Njia za kila siku

1. Pima mchele kabla ya kuuosha

Chagua kikombe kimoja kiwe ndicho kipimo cha nyumba, na kikae ndani ya ndoo ya mchele. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori kama 360. Nyumba ya watu sita inayopika kilo moja mchana, kila mmoja anapata kama kalori 600 za wali mtupu, kabla ya tui, mafuta na kitoweo. Ukipika robo tatu ya kilo, kila mmoja atapata kama 450. Hapo umepunguza kalori 150 bila mtu yeyote kuombwa aache tonge. Ni hivyo hivyo kwa unga wa ugali.

Angalizo: pengo la ile robo lijazwe na mboga za majani, maharage, kunde au choroko. Usipunguze wali ukaacha sahani tupu, kwa sababu saa kumi jioni nyumba nzima itatafuta maandazi.

2. Mkono wako uwe mizani

Nchini Zimbabwe wagonjwa wa kisukari walifundishwa kupima chakula kwa mikono yao, na njia hiyo ikaenea nchi nyingine kwa wepesi wake. Wanga, yaani wali, ugali, ndizi, muhogo au viazi, usizidi ukubwa wa ngumi yako. Nyama, kuku au samaki uwe sawa na kiganja chako bila vidole, na unene wa kidole kidogo. Mboga za majani ziwe kiasi cha kujaza viganja viwili. Mafuta yasizidi ncha ya kidole gumba.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kila mtu ana chake. Mwanamume mwenye mwili mkubwa ana ngumi kubwa, mtoto ana ngumi ndogo. Na unakwenda nacho popote, nyumbani hata ugenini.

3. Gawa sahani yako

Nusu ya sahani iwe mboga za majani na kachumbari, robo iwe wanga, na robo iliyobaki iwe kitoweo chenye protini. Angalia sahani yako ya leo: je, si kweli kwamba robo tatu ni wali, na mchicha umewekwa pembeni kama pambo? Geuza mpangilio huo. Anza kupakua mboga, kisha kitoweo, na wali uwe wa mwisho, uchukue nafasi iliyobaki.

Sahani ndogo husaidia, lakini isiwe ya kujidanganya. Sahani ndogo iliyojazwa mara tatu ni kubwa kuliko sahani kubwa iliyopakuliwa mara moja.

4. Kula kwenye sinia

Hili ni letu, na vitabu vya lishe vya nchi nyingine aghalabu havilizungumzii. Kula pamoja kuna baraka na mapenzi, na hatumwambii mtu avunje sinia la nyumba yake kwa sababu ya uzito. Lakini sinia lina mtihani wake: hujui umekula kiasi gani, na unaendelea kula maadamu wenzako wanaendelea.

Dawa ipo katika adabu tulizofundishwa utotoni. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtoto Umar bin Abi Salama kusema Bismillah, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake. Basi ukikaa, tazama sehemu iliyo mbele yako, ukadirie ngumi moja, uivutie upande wako kidogo ili ijitenge. Hiyo ndiyo riziki yako ya leo. Ikiisha, umemaliza, hata kama katikati ya sinia kuna kilima.

Anayepakua naye asaidie. Asiwamwagie wali sinia zima kisha mboga zikakaa kwenye kibakuli kimoja kinachogombewa. Aweke mboga na kachumbari pande zote za sinia, ili kila mlaji aikute yake mbele yake. Na kama yupo mgonjwa wa kisukari, si aibu wala si kumtenga akipakuliwa sahani yake na kukaa hapo hapo na wenzake.

5. Anza na vyepesi

Kula bakuli la kachumbari, mboga za majani au supu isiyo na mafuta mengi kabla ya chakula chenyewe. Nchini Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walionesha mwaka 2004 kwamba watu waliotangulia kula bakuli kubwa la saladi nyepesi walipunguza kalori za mlo mzima kwa karibu asilimia 12. Saladi hiyo haikuwa na mafuta mengi; ikijaa mafuta, faida hupotea.

Maji nayo yasisahauliwe. Glasi moja au mbili nusu saa kabla ya kula husaidia wengi, hasa watu wazima wa makamo na wazee. Ila mwenye maradhi ya figo au moyo aliyewekewa kiasi cha maji na daktari asizidishe.

6. Tonge dogo, mwendo wa pole

Tunapokea katika hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akila kwa vidole vitatu. Jaribu mwenyewe uone: tonge la vidole vitatu ni dogo kuliko la mkono mzima. Tafuna hadi lilainike, meza, ndipo ufinyange lingine. Wengine wetu tonge la pili linasubiri mlangoni wakati la kwanza halijapita kooni.

Zima televisheni na weka simu mbali wakati wa kula. Anayekula huku anaangalia taarifa ya habari hushtukia sahani imekwisha, naye hakumbuki ladha yake.

7. Sufuria libaki jikoni

Pakua, kisha funika sufuria na uliache jikoni. Likikaa mkekani, upawa hauna mlinzi. Ukitaka kuongeza, ngoja dakika kumi. Ongea na watoto, waulize habari za madrasa na skuli. Ikiwa baada ya hapo bado una njaa, inuka ukaongeze mboga kwanza. Mara nyingi utakuta njaa yenyewe imeshaondoka.

8. Mafuta yapimwe kwa kijiko

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, yawe ya alizeti, ya nazi au ya mawese. Anayemimina kutoka kwenye dumu hajui ameweka vijiko vinne au kumi. Weka kijiko karibu na jiko. Katika kupika mchuzi wa watu sita, vijiko viwili au vitatu vinatosha kabisa. Nazi nayo kamua, lakini tui la kwanza zito lisiwe la kila siku.

9. Chai na soda ni chakula

Watu wengi wanaosema "sili kitu" wanakunywa kalori. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku na kuweka vijiko vitatu kila kimoja ametumia vijiko 12, karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limeshauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 ni hizo gramu 50, na likasema ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25. Kwa hiyo huyu amemaliza kiwango chake kwa chai tu, bado hajagusa andazi.

Chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 nayo ina sukari kama vijiko vinane. Punguza kijiko kimoja cha chai kila wiki mbili, ulimi utazoea. Tumia mdalasini, iliki na tangawizi, chai inukie bila kutegemea sukari.

Sasa jumlisha. Robo ya wali iliyopunguzwa ni kalori 150. Vijiko vinane vya sukari vikiondolewa ni kama 130. Soda moja ikiachwa ni kama 130. Hizo ni zaidi ya kalori 400 kwa siku, na hakuna mlo hata mmoja ulioukosa.

Makombo: israfu ya aina mbili

Mama wa nyumba, hapa tunazungumza na wewe hasa. Unaonja mchuzi mara tano. Watoto wanaacha wali, unaumaliza. Ukoko umebaki, unaukwangua. Asubuhi kiporo kipo, unakila na chai. Ukiulizwa, unasema, "Nisitupe neema ya Mungu." Nia yako ni njema, na kutupa chakula kweli ni vibaya.

Lakini tujiulize: chakula kilichoingia tumboni bila haja, kikageuka kuwa mafuta na kukuletea maradhi, kimehifadhiwa au nacho kimepotea? Israfu si ya jalalani peke yake. Kujaza tumbo kupita haja ni israfu pia, na gharama yake utailipa kwenye dirisha la dawa.

Njia iliyo sawa ni kutibu chanzo. Wapakulie watoto kidogo kidogo, anayetaka zaidi aombe. Chakula kisichoguswa kitenge na ukifunike mapema kabla watu hawajaanza kula, kiwe cha usiku, au umpelekee jirani. Tumefundishwa kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu. Basi robo uliyopunguza ndani ya sufuria inaweza kuwa sadaka ya mtu mwenye njaa ya kweli. Na wali usiuache nje usiku kucha, kwani vijidudu vyake huleta kuhara na kutapika. Ukipoa, uweke kwenye friji; kama huna friji, pika kiasi cha kwisha.

Ugenini, walima na maulidi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kukataa chakula cha watu ni vigumu, na mwenyeji anaweza kuhisi amedharauliwa. Usikatae; itikia mwaliko, kaa, kula, usifu mapishi, muombee dua mwenyeji. Lakini usiende na njaa kali. Kula tunda au kunywa maji kabla ya kutoka nyumbani. Ukikaa, shika kipimo cha ngumi, kula taratibu ili usimalize kabla ya wengine, kwa sababu sahani tupu ndiyo inayoongezwa. Ukiambiwa "ongeza", sema: "Alhamdulillah, nimeshiba, Mwenyezi Mungu awazidishie." Ukishikiliwa sana, omba kachumbari.

Na sisi wenyeji tujirekebishe. Kumkirimu mgeni si kumlazimisha. Huenda mgeni wako ametoka kliniki ya kisukari asubuhi ile na anaona haya kukuambia. Mkaribishe mara moja au mbili, kisha muache.

Mwezi wa Ramadhani

Ajabu ni kwamba baadhi yetu huongezeka uzito katika mwezi wa funga. Sababu ni meza ya futari: uji wenye sukari, kalimati, sambusa, mihogo ya nazi, viazi, tambi, kisha saa tatu usiku pilau. Fungua kwa tende moja au tatu na maji, kaswali Magharibi, kisha urudi. Muda huo wa swala unalipa tumbo nafasi ya kupokea sukari ya tende, na ukirudi pupa imetulia. Chagua wanga wa aina moja au mbili kwa siku, si aina sita. Daku usiiache, ila iwe nyepesi yenye maharage, mayai au mtindi, ili usifike jioni umechoka ukala kwa kulipiza.

Wanaopaswa kuwa na tahadhari

Makala hii inamhusu mtu mzima aliyezidi uzito. Mjamzito na mama anayenyonyesha wasijipunguzie chakula bila kushauriwa kliniki. Mtoto asifungiwe chakula. Apunguziwe soda na pipi, aachwe acheze. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari amuone daktari kwanza, kwani akipunguza chakula ghafla na dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Mtu wa aina hiyo akitetemeka, akitoka jasho jingi na kuchanganyikiwa, apewe haraka kitu chenye sukari, maadamu anaweza kumeza, kisha apelekwe hospitali. Na yeyote anayekonda bila kujaribu asifurahi. Akapime, kwani kisukari chenyewe na kifua kikuu huanza hivyo.

Maneno ya watu

Lipo jambo la mwisho ambalo huwarudisha wengi nyuma. Ukianza kupungua, utaulizwa: "Una nini? Unaumwa? Mumeo hakupi chakula?" Wengine watanong'ona kuwa umepatwa na maradhi makubwa. Mwanamke anarudia kula ili tu watu wanyamaze.

Ndugu msomaji, hao wanaonong'ona hawatakushika mkono siku mguu utakapofanya kidonda kisichopona. Wanaume tuwasaidie wake zetu kwa kula nao chakula hicho hicho, si kudai pilau letu huku tukimwambia yeye apunguze. Na baba akiwa ndiye mgonjwa, nyumba nzima imsaidie. Mwili ni amana, nao una haki juu yetu.

Usianze na mambo yote kwa siku moja. Wiki hii chagua mawili tu: kikombe cha kupimia mchele, na sufuria kubaki jikoni. Wiki ijayo ongeza kijiko cha mafuta. Tembea kwa miguu kwenda msikitini au sokoni nusu saa, siku tano kwa wiki. Jipime mara moja kwa mwezi, siku moja na saa moja, uandike. Ukiteleza siku ya harusi, mlo unaofuata rudi kwenye ngumi yako, wala usijiadhibu kwa kushinda na njaa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumuabudu na kulea watoto wetu, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.